Kidole cha Mama Kwenye Pesa za Soko

Jumamosi, Julai. Ukungu haujatoka Nkubu tangu asubuhi, na mimi nina hasira hadi chai imenishinda kunywa.

Leo nilimpeleka mama Meru mjini kwenye maonyesho ya historia ya mji. Nilimpeleka kwa sababu ya meza moja tu, ile yenye pesa za karatasi za soko.

Kuna wakati sarafu zilikuwa adimu pale sokoni. Ukinunua ndizi, chenji yako ni peremende au kiberiti. Wanawake wa soko wakachoka. Wakakata karatasi ngumu za kaki, wakaandika thamani, wakapiga muhuri, na kwa miezi kadhaa hizo ndizo zilikuwa chenji. Mwenye kinu cha posho alizipokea. Hata muuza nyama, mtu mgumu vile, alizipokea.

Muhuri mtu yeyote angeuiga. Kwa hiyo kila karatasi iliwekwa alama ya kidole gumba cha mama yangu, aliyekuwa akiuza ndizi karibu na lango. Panga lilimteleza zamani akikata majani ya ng'ombe, na kovu limekipasua kidole hicho katikati mpaka leo. Watu walitafuta kovu kwanza, ndipo wapokee karatasi.

Sarafu ziliporudi, wanawake walizikusanya karatasi zao na kuzichoma. Chache zilibaki kwa mzee aliyekuwa mwenyekiti wa soko.

Leo ziko ndani ya kabati la kioo. Mama alikuwa ameacha miwani nyumbani, akaniomba nimsomee maelezo. Nikasoma kwa sauti kabla akili haijafika: "Pesa za soko, zilizobuniwa na mwenyekiti. Alama ya kidole ni ya msaidizi asiyejulikana."

Asiyejulikana!

Mama aliweka kidole chake juu ya kioo, kando ya kile cha kwenye karatasi, akakiangalia kwa muda. Kisha akafuta kioo kwa leso yake, eti asiwaachie uchafu.

Hapo ndipo nilipowaka. Nilimfuata mzee alikokuwa akila mandazi na wageni, nikamwambia kidole kile ni cha mama yangu na yeye anajua vizuri. Akacheka.

"Aki wewe, hiyo ni mambo ya kitambo. Sasa tuandike majina ya kila mama wa ndizi?"

Ndiyo, mzee. Yaandike. Wewe ulichofanya ni kuweka karatasi kwenye droo.

Natamani hasira yangu ingeishia kwake. Haiishii.

Maelezo yale yalichapwa kwenye duka langu. Mzee aliniletea wiki mbili zilizopita, yameandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari. Mimi huchapa barua za mazishi, mikataba ya mashamba, maombi ya kazi. Mteja akiandika, mimi nachapa. Macho yalipita tu juu ya maneno, vidole vikapiga. Nikayawekea hata fremu nzuri. Mimi, niliyesomeshwa na zile ndizi, niliyesimuliwa habari za kovu lile tangu nikiwa mdogo.

Naona aibu. Naiandika hapa ili nisijifanye nimesahau.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia mama ukweli. Tuliposhuka Nkubu akaniambia kwa Kimeru, bila kupandisha sauti, "Si ni wewe uliandika kwamba sijulikani? Basi andika tena."

Nikafungua duka bila hata kuvua koti langu. Nimeandika: "Pesa hizi zilibuniwa na wanawake wa soko. Kidole ni cha Tabitha Nkirote, muuza ndizi." Nimechapa nakala hamsini. Mzee akibandua moja, nitabandika nyingine, na nyingine, mpaka achoke yeye.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja. Akavuta pedi yangu ya wino wa mihuri, akabonyeza kidole gumba, akakipiga chini ya jina lake. Akainua karatasi kwenye taa, akalitafuta kovu.

"Hii sasa watapokea," akasema, akanyoosha mkono nimpe ya pili.

Amezipiga zote hamsini. Kesho tukitoka kanisani naenda Meru na gundi.