Kadi Isiyo na Nukta

Jumatatu, 14 Aprili

Siku kumi zimebaki. Zamu yetu ni ya saba. Klabu sita za mpira wa Kimarekani zitachagua vijana wa vyuo kabla yetu, na kila mtu humu jengoni anajifanya anajua watamchukua nani. Waongo wote. Katika kazi hii Aprili ni mwezi wa uongo. Tunawadanganya waandishi, tunawadanganya mawakala, tunadanganyana kwenye lifti.

Mimi siwezi. Mzee Lou anasema hiyo ndiyo kasoro yangu. Miaka thelathini na moja amezunguka viwanja vya vyuo akisaka wachezaji, na kudanganya kwake ni kama kukohoa. "Mwanangu, uso wako ni dirisha lisilo na pazia."

Leo kikao cha mahitaji. Kocha anataka mkabaji — kocha siku zote anataka mkabaji. Meneja mkuu, Walt, anataka mdakaji, yule Javonte Rusk mwenye mbio ambaye televisheni haichoki kumwonyesha. Nikasimama na karatasi yangu. Msimu uliopita mrushaji wetu, Quincy, aliangushwa mara hamsini na nane. Hamsini na nane! Mara arobaini na moja waliomwangusha walitokea kushoto, upande ambao hauoni akiwa anarusha. Mdakaji wa nini, kama wa kumrushia yuko chini? Tunachohitaji ni nguzo ya kushoto ya ukuta unaomlinda. Na mwaka huu nguzo ni moja tu: Anders Tollefson, wa North Dakota. Kilo mia na arobaini na tano, na miguu ya mcheza dansi. Nimetazama michezo yake yote, kila mmoja mara mbili. Nilikwenda kumwona kwenye theluji yao ile hadi kope zikaganda.

Kisha mtu wa mwisho wa meza akasema, si kwa kunong'ona, kwamba binti wa hesabu, yaani mimi, amepata mchumba. Wakacheka. Walt hakucheka. Aliandika kitu. Nilimshukuru moyoni kwa kutocheka — hivyo ndivyo nilivyo rahisi kununuliwa.

Jumatano, 16 Aprili

Nimemaliza hesabu za kubadilishana zamu. Njia tatu.

Kupanda hadi zamu ya tatu: tutoe chaguo letu la pili la mwaka huu na la kwanza la mwakani. Kwa ajili ya nani? Hakuna. Kubaki pale pale na kumchukua Tollefson: hatutoi kitu, tunapata tunachohitaji. Ni rahisi mno, ndiyo maana watu wanaitilia shaka. Au kushuka. Klabu ya Omaha wana zamu ya kumi na tano, na nguzo yao ya kushoto ilistaafu Januari kwa goti. Wana njaa. Watalipa. Lakini wakinunua zamu yetu, Tollefson ni wao. Nimeandika chini, kwa herufi kubwa: TUSISHUKE.

Omaha maana yake ni Deirdre. Tulilala chumba kimoja miaka minne chuoni, tukafanya hesabu zilezile, na sasa anafanya kule kazi ninayofanya hapa. Tuna sheria yetu: kuanzia tarehe mosi Aprili hadi Siku ya Kuchagua, hakuna neno la kazi. Tunaongelea paka wake na mama yangu. Mwaka wa tatu huu, haijavunjwa.

Mchana nilikaa na Quincy kwenye chumba cha chakula. Anakunywa supu kwa mkono wa kushoto. Bega la kulia bado halipandi.

"Profesa, umeninunulia ukuta?"

"Bado naugombea."

"Ugombee kweli. Mwanangu ana miaka minne. Juzi mwalimu kamuuliza baba yako anafanya kazi gani, kajibu: anaanguka."

Alicheka. Nami nikacheka. Kisha akaomba nimfungulie kifuniko cha chupa ya maji.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Sijaenda kanisani. Mama hatanisamehe, lakini ngoja niandike!

Walt kaniita saa kumi na moja, wenzangu walipokuwa wanaondoka. Kanipeleka chumba kikubwa, chumba cha ubao. Ukuta mzima wa kadi za sumaku, kila kadi na jina la kijana mmoja, zimepangwa kuanzia wa kwanza hadi wa mia mbili. Kwa kawaida watu wa ngazi yangu hawaingii hadi siku yenyewe. Akaniachia mlango nipite mbele. Kadi ya kwanza juu kabisa: TOLLEFSON. Rusk wa tisa.

"Umenishinda, binti," akasema. "Ile hamsini na nane. Sikulala."

Nilisimama kama mtoto mbele ya keki. Akaniambia jambo libaki hapo hapo, mimi na yeye na ubao. Nikaapa. Kisha, ameshika kitasa, akauliza kama bado nazungumza na yule rafiki wa Omaha. Nikasema Jumapili kwa Jumapili, lakini kazi hatuigusi. "Najua. Ndiyo maana nakuheshimu. Basi msalimie." Na tena: "Jumapili usije kazini. Kale Pasaka na mama yako."

Siku ya mapumziko, siku nne tu kabla ya kuchagua! Miaka miwili iliyopita niliomba nusu siku tu ya Pasaka, nikala mkate wangu juu ya kibodi.

Nimelia kwenye gari, kwenye maegesho. Miaka mitatu. Kumbe mtu anasikilizwa.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka kwa mama. Soseji, mayai, figili kali iliyotutoa machozi, mwanakondoo aliyechongwa kwa siagi na macho yake ya pilipili manga. Mama hakutaja Ijumaa hata mara moja, jambo ambalo ni baya kuliko kutaja. Ila wakati wa keki alinishika kidevu. "Una nini leo? Unang'aa kama huyu wa siagi."

Deirdre alipiga simu jioni. Paka wake kameza uzi. Nikamsimulia figili. Akasema sauti yangu imebadilika, nina furaha gani hiyo ya ghafla?

Nilitaka kusema "nimelala vizuri," lakini hata uongo huo mdogo ulinikwama. Nikanyamaza. Kisha nikacheka, kicheko kilinitoka chenyewe.

"Haya," akasema Deirdre, polepole. "Sijauliza."

Hakuuliza. Sikujibu. Sheria iko palepale.

Jumanne, 22 Aprili

Nukta.

Nukta! Niliitazama kadi ile Ijumaa kwa dakika nzima na sikuziona nukta, kwa sababu hazikuwepo.

Daktari wa klabu ndiye wa mwisho kugusa ubao. Hubandika nukta kwenye kila kadi: kijani ni mzima; njano ni tahadhari; nyekundu ni mwacheni. Kadi haihesabiki bila nukta. Kila mtu wa kazi hii anajua, hata mfagiaji anajua. Leo nilimpelekea Walt karatasi, mlango wa chumba kikubwa ulikuwa wazi, nikachungulia nimsalimie Tollefson wangu. Kadi mia mbili, hakuna nukta hata moja. Siku mbili kabla!

Nikamkuta daktari kwenye mashine ya kahawa. Nikamwambia kwa utani kwamba mwaka huu amechelewa.

"Nimechelewa wapi? Nilimaliza wiki iliyopita, Jumatano."

"Kwenye ubao?"

"Kwenye ubao, ndiyo. Ofisini kwa Walt, ndani ya kabati." Akanitazama. Kisha akatazama kikombe chake. "Loo. Samahani, dada."

Wiki iliyopita Jumatano. Yaani Ijumaa aliponishikia mlango, ubao wa kweli ulikuwa umeshakamilika siku mbili, umefungiwa kabatini. Ule mkubwa ni wa wageni. Ni wa wafanya usafi wenye binamu waandishi wa habari. Ni wangu.

Nimemuuliza Lou kama alijua. Hakujifanya. Alikuwa anakula sandwichi, akaiweka chini.

"Mwaka wangu wa nne alinitumia hivyo hivyo, meneja wa wakati ule. Kila mtu hutumiwa mara moja, mwanangu."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili unatumia wenzako."

Na akaendelea kula.

Jumatano, 23 Aprili

Omaha wamepiga simu asubuhi. Wanataka zamu ya saba. Wanatoa ya kumi na tano, chaguo lao la pili la mwaka huu, na la kwanza la mwakani. La kwanza la mwakani! Jedwali langu mwenyewe linasema hiyo ni karibu mara mbili ya thamani. Hulipi hivyo ila unapoamini kwamba mwenzako yuko tayari kumchukua unayemtaka. Na wanaamini. Wanaamini kwa sababu ya kicheko kimoja cha Jumapili.

Tutashuka hadi kumi na tano tumchukue Rusk; Walt ana hakika atakuwa bado yupo. Ndiyo mpango tangu Februari. Nguzo ya kushoto? "Tutaokota mtu kiangazi," amesema kocha. Yaani mzee aliyeachwa na klabu nyingine.

Mbele ya kikao kizima Walt akasema kwamba mwaka huu hakuna aliyefanya kazi kubwa kama mimi, Halina. Wakapiga makofi. Yule wa mwisho wa meza alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Nilimfuata ofisini. Kabati lilikuwa wazi, na huko ndani kadi zina nukta zake, nzuri, zimenyooka. Rusk wa kwanza, nukta ya kijani. Tollefson wa kumi na moja. Kijani pia. Hana hata kasoro ya kusingizia.

"Umenifanya mwongo," nikasema.

"Nilikuambia useme uongo?"

"Hapana."

"Ulimwambia chochote?"

"Hapana."

"Basi mwongo ni nani?" Alikuwa mpole, na huo ndio uliokuwa ubaya wake. "Nisikilize, binti. Wapiga hesabu ninao wanne. Mtu ambaye mji mzima unajua hawezi kudanganya, ninaye mmoja. Thamani yako hapa ni uso wako."

Miaka mitatu ya hesabu. Theluji. Kope.

Nikamwambia kwamba Deirdre atafukuzwa kazi. Akasema inawezekana, ndiyo. Akasema pia kwamba nikipeleka siri nje, hakuna klabu itakayonipa hata kazi ya kujaza chupa za maji. Hakunitisha. Alinieleza, kama mtu anavyoeleza hali ya hewa.

Nikitoka nikakutana na Quincy kwenye korido. "Profesa! Kesho, eh?" Akanyoosha mkono wa kushoto tugonganishe. Nikagonga. Sikuweza kumwambia. Na kwa mara ya kwanza uso wangu haukusema kitu, au yeye ndiye hakutaka kuusoma.

Alhamisi, 24 Aprili, saa kumi na robo jioni

Niko chumba kidogo cha vioo, jirani na chumba kikubwa. Kuchagua kunaanza saa mbili usiku. Omaha wameomba hadi saa kumi na moja kuthibitisha. Saa kumi na moja hiyo hiyo watakusanya simu zetu kwenye kikapu.

Dakika kumi zilizopita Deirdre aliniandikia kwenye simu. Miaka mitatu, hajawahi.

"Najua sheria. Nisamehe. Bosi ananiuliza mimi, anasema atatoa chaguo la mwakani kwa neno langu. Kweli mtamchukua Anders tukibaki hapa? Niambie hapana kama ni hapana. Ukinyamaza nitaelewa, kama Pasaka."

Nimesoma mara nyingi. Hakuniachia hata pa kujificha. Nilidhani mtu akifunga mdomo yuko salama. Kumbe nikinyamaza nimeshajibu.

Nimepiga hesabu, maana ndilo ninalojua. Nikinyamaza: Omaha wanalipa, Tollefson anakwenda kwao, sisi tunapata Rusk na makofi. Mwakani wakifika zamu yao ya kwanza na kuikuta haipo, watamtafuta aliyesema, yaani Deirdre. Nikisema hapana: wanajitoa, Walt anamchukua Rusk kwa zamu ya saba, na kabla ya saa tatu atajua ni nani aliyetoa siri. Katika majibu yote mawili hakuna nguzo ya kushoto. Quincy ataanguka nikisema, ataanguka nikinyamaza. Nilitaka angalau yeye awe upande mmoja wa mizani ili nipate kisingizio. Hayupo.

Kwa hiyo hili si suala la mpira tena. Ni mimi na Deirdre na kile kicheko.

Saa kumi na dakika ishirini na tano. Lou amepita na sandwichi mbili, kaniwekea moja juu ya karatasi zangu. "Kula, mwanangu. Usiku mrefu." Akaiona simu. Akaona nani ameandika. Lou huona kila kitu, ndiyo kazi yake. Alifunga mlango alipotoka, na mlango huu haufungwi kamwe.

Saa kumi na dakika thelathini na nne. Walt amesimama upande wa pili wa kioo, simu sikioni. Anacheka na mtu, nadhani ni Omaha wenyewe. Ananitazama. Ameinua kidole gumba.

Nimetabasamu. Tabasamu pana, la Pasaka. Na Walt ameamini! Ameitikia kwa kichwa, kanigeuzia mgongo, anaendelea na simu yake.

Simu imewaka tena. Hajauliza kitu. Jina langu tu: "Halina?"

Mkono wa kulia unaandika hapa. Wa kushoto uko chini ya meza, kwenye simu. Herufi tatu tayari, h, a, p, na Walt anageuka