Simu Ndani ya Sanduku la Sabato

Jumapili, 7 Septemba 2025

Vidole bado vinanuka asali. Naandika hivyo hivyo.

Jana nusura tumpoteze binti yetu Nyanchera. Sikuandika jana kwa sababu ni Sabato, na kuandika ni kazi. Nyota tatu zilipotoka, Sabato ikaisha, sikuwa na nguvu hata ya kushika kalamu. Tulikuwa ndani ya sinagogi, wanawake upande wetu, mtoto ameniegemea. Nikadhani amesinzia — miaka tisa, ibada ndefu, nani asiyesinzia! Kumbe sweta yote imelowa jasho. Namwita, hanijui. Macho wazi, na hanijui! Nilimbeba hadi migombani nyuma ya ukuta, nikampaka asali kwenye ufizi, naomba kwa Kigusii maana Kiebrania changu chote kilinitoka. Alipouliza, "Mama, mbona unalia?" ndipo nikapumua.

Ana kisukari, tangu mwaka jana; insulini ikizidi chakula alichokula, sukari hushuka naye huzimia. Juu ya kiwiko amebandikwa kidude cha ukubwa wa shilingi ishirini. Daktari wa kliniki Kisii alimwekea cha kwanza mwezi wa saba. Kinapima sukari mchana na usiku, kinaituma kwenye simu yetu, na ikishuka chini ya nne simu inalia; chini ya tatu, daktari alisema, ni hatari ya kufa. Kitu cha ajabu kweli. Lakini kila Ijumaa jioni simu zote za mkutano wetu zinazimwa na kutiwa kwenye sanduku la bati, Mzee Ogeto anapiga kufuli mpaka Sabato itoke. Jana kidude kilikuwa kinamwambia nani? Sanduku.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimemwambia mume wangu Manasseh simu isiingie tena sandukuni. Hakugombana. Alisema tu kwamba Rabi alishajibu jambo hilo. Kweli, mwezi wa nane Manasseh alisimama mbele akatusomea jibu la Rabi: simu isiachwe wazi Sabato, hata kwa ajili ya kengele. Mume wangu ndiye msomaji wetu. Mchana anatengeneza simu pale Masimba, jioni anajifunza sala. Rabi yuko ng'ambo, alitutembelea mara moja tu, miaka miwili iliyopita. Tangu hapo tunamuuliza kupitia Manasseh, kwa simu hii hii yetu, na majibu yanatoka kwa mdomo wa Manasseh.

Nikamuuliza kama Rabi anajua mtoto anaumwa. Akainama kufunga viatu. Viatu vilikuwa vimefungwa.

Hapa hakuna anayejua. Nyanchera huvaa mikono mirefu hata jua likiwaka. Mama mkwe wangu Nyamoita, Mwadventista wa kufa na kuzikana, ndiye peke yake aliyekiona kidude, na alisema wazi: tuliacha kanisa, tukaenda kujifanya Wayahudi, Mungu amemgusa mtoto. Manasseh anaogopa mkutano nao useme hivyo. Basi tunaficha. Mficha maradhi, kilio humfichua — na mimi hicho kilio ndicho nisichokitaka!

Majirani Waadventista wanasali Jumamosi hiyo hiyo. Wao wana Biblia kwenye simu, wanapiga picha za kwaya, wanarudi nyumbani na watoto wao wazima. Sisi tumezima hata redio. Sijutii kuja huku. Nikiwasha ile mishumaa miwili Ijumaa, kitu kinatulia kifuani ambacho hakikutulia kwingine. Lakini naogopa.

Jumanne, 9 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Manasseh alikuwa anaoga. Nilichukua simu nione sukari ya mtoto kabla ya kumchoma insulini. Ilikuwa 7.2, nzuri. Chini yake kulikuwa na ile programu ya kuulizia maswali, iliyo wazi. Ile mashine inayojibu kila kitu. Vijana wanaitumia kwa homuwaki.

Nikasoma. Mungu nisamehe, nilisoma yote.

Kama kikombe kilichochongwa kwa mawe laini ya Tabaka chafaa kwa baraka ya divai. Kama kibanda cha Sikukuu ya Vibanda chaweza kuezekwa kwa majani ya mgomba. Kama mtu achume majani chai siku ya kufunga. Maswali yetu! Yale tunayomwambia Manasseh ampelekee Rabi. Na mwisho wa kila swali ameandika: jibu kama rabi mzee, kwa Kiingereza cha heshima. Yale maneno mazuri tuliyoitikia amina ndiyo hayo, neno kwa neno. Mzee Ochoki amevunja mtungi wa mama yake kwa sababu jibu moja kati ya hayo lilisema chombo cha udongo kikinajisika hakitakasiki.

Halafu nikafika kwenye letu. Aliuliza kama Myahudi aweza kuacha simu wazi Sabato ili asikie kengele yake. Basi. Hakuna mtoto. Hakuna ugonjwa. Nimetafuta jina la Nyanchera mara tatu. Mashine ilijibu kama ilivyoulizwa: hapana. Hata kwa mashine alimficha.

Nilitazama kipimo cha sindano mara tatu ndipo nikachoma insulini. Mtoto akaniuliza kama nimekosea mahali. Nikasema hapana.

Jumatano, 10 Septemba

Nimemkabili. Alikaa kitandani. Alisema Rabi aliugua mwaka jana, akawa anajibu baada ya wiki tatu, nne, na watu walikuwa wanamngoja yeye kila Sabato na maswali yao. Mara ya kwanza aliiuliza mashine jambo dogo. Ikajibu vizuri kuliko Rabi, na upesi. Aliona haya kusema, baadaye aliona hofu, na sasa ni mwaka mzima.

Nikamwambia awaambie wazee. Akasema, "Nikiwaambia, wataacha kila kitu. Watarudi walikotoka, na watatucheka hadi watoto wa watoto." Alikuwa analia. Sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika baba yake.

Nimempenda mtu huyu miaka kumi na mbili. Usiku kucha nilikuwa nasikiliza pumzi za mtoto, na sikutaka anishike.

Nimemtumia Rabi ujumbe wa sauti mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha darasa la nane. Nimemwambia kuhusu mtoto tu. Lile la mashine sikulitaja. Ujumbe bado haujamfikia. Tiki moja.

Alhamisi, 11 Septemba

Tiki moja. Mvua. Majani chai ni mengi shambani, vidole vimechanika kwa kuchuma. Kila mara nafuta mkono kwenye leso nitazame simu. Tiki moja!

Ijumaa, 12 Septemba

Saa kumi na moja. Chakula cha kesho kiko tayari, nyumba imefagiliwa, bado kuwasha mishumaa. Niandike upesi.

Rabi bado hajapokea. Nimekumbuka jambo tangu asubuhi, na sijui kwa nini lilichelewa kunijia. Alipokuwa hapa, Emily, mwenzetu wa sinagogi, alishikwa na uchungu wa kuzaa Sabato saa nne. Tulisimama kama vigingi, tunamtazama Rabi. Yeye alikuwa tayari yuko barabarani, anapunga mkono, anasimamisha gari, kofia yake imeanguka kwenye tope. Alipanda na Emily hadi hospitali. Aliporudi Jumapili tukamuuliza sheria inasemaje. Alitushangaa. Alisema uhai wa mtu unatangulia Sabato, na kwamba aliyekaa kuuliza wakati ule ndiye angekuwa na kosa.

Sote tulisikia. Manasseh ndiye aliyekuwa anatafsiri!

Ameniambia leo, bila kunitazama, kwamba simu iende sandukuni kama kawaida, Sabato moja tu, ili wazee wasiulize, halafu wiki ijayo atatafuta njia. Sabato moja tu. Nimechukua simu mbovu kwenye kikapu chake cha kazi, ile nyeusi iliyopasuka kioo, nimeifunga kwa kitambaa, na ndiyo niliyompa Mzee Ogeto. Ameipokea kwa mikono miwili, mzee wa watu, akanitakia Sabato njema. Nimemdanganya na nikamjibu kwa tabasamu.

Yetu iko chini ya godoro la mtoto. Imewashwa, sauti juu kabisa. Manasseh hajui.

Naogopa kwamba italia. Naogopa kwamba haitalia.

Jumamosi, 13 Septemba

Leo ni Sabato na ninaandika. Daktari alisema: sukari ikishuka, andika saa, namba, na ulichompa. Sina karatasi nyingine. Mungu aone.

Saa mbili na robo. Sukari 4.1, mshale kwenye simu unaelekea chini. Nyanchera ametapika chai na mkate, na insulini nimeshamchoma. Sikwenda sinagogi. Maji ya sukari, nusu kikombe.

Saa 2:35. Sukari 3.7. Ametapika yote. Simu imelia — sauti ile! Nyumba nzima. Mzee Ogeto na Mzee Ochoki walikuwa wanapita njiani kwenda ibadani. Wamesimama.

Saa 2:45. Sukari 3.5. Asali kwenye ufizi. Nimempigia Ogoti wa gari, yule Mkatoliki, maana leo hakuna mwingine anayefanya kazi. Yuko Keroka. Anakuja. Nimepiga simu Sabato, na mikono yangu haikusita.

Saa 2:55. Sukari 3.6. Mshale umelala, haishuki tena. Asante. Asante.

Wazee wako uani. Manasseh ameitwa, amekimbia kutoka sinagogi, amesimama mbele yao na shali yake ya sala mabegani. Nasikia kila kitu, dirisha liko wazi. Mzee Ogeto hapigi kelele. Anauliza mtoto ana nini, na tangu lini. Manasseh anajibu — kisukari, tangu mwaka jana. Halafu mzee anasema, polepole, "Sasa Manasseh, huyu mtoto ni wetu sote. Rabi angejua, angesema hapana kweli? Wewe ulimwambia nini?"

Mume wangu anakunja na kukunjua ncha ya shali.

Saa 3:05. Sukari 3.4, mshale chini tena. Asali tena. Hamezi vizuri. Ananitazama lakini jicho moja linakwenda pembeni. Ogoti hajafika.

Saa 3:10. Sukari 3.2.

Mzee ameuliza tena. Nimesikia Manasseh akisema, ngojeni kidogo.

Ameingia. Ameona simu mkononi mwangu na hakushangaa hata kidogo. Amepiga magoti, amemshika Nyanchera mguu, halafu amenyoosha mkono. "Nipe simu dakika moja tu," ananong'ona. "Niulize niwaambie nini."

Rabi hashiki simu leo. Najua ni ile mashine anayotaka kuiuliza.

Gari silisikii bado, na simu sijaiachia. Mkono wake uko pale pale, wazi, juu ya mtoto. 2.9.