Binti Aliyemwosha Baba

Liège, Jumapili, mwezi wa tisa.
Mwaka wa nne tangu nitoke kwetu Katuba.

Mpendwa mdogo wangu Solange,

Simu ya baba mdogo ilinikuta kazini, nikipandisha matofali. Akanieleza kwamba wamekufukuza nyumbani kwa sababu ulimwosha baba. Neno "aibu" alilitaja mara nyingi. Neno "kidonda" sikulisikia.

Nikakumbuka wiki yako ya kwanza huku, shule yako ya uuguzi ilipokutuma kujifunza kazi katika nyumba ya wazee. Uliingia chumbani kwangu jioni, hukuvua hata koti, ukalia. Ulikuwa umekabidhiwa mzee aliyejichafua, nawe ukakaa kando ya kitanda ukisubiri watu wake walete beseni na sabuni, kama ndugu wa mgonjwa wanavyofanya kwetu.

"Yaya, nilikuwa nangoya bandugu yake. Mpaka saa sita! Na yeye alikuwa ananiangaria tu."

Mkubwa wa kazi alikuwa amekuambia: hapa ndugu yake ni wewe.

Mimi yaya wako, kaka yako mkubwa, nilikucheka. "Basi utaosha bazungu bote!" Ukanitupia kiatu. Lakini ulipokaribia kuondoka ulikuwa mtu mwingine. Uliushika mgongo wangu bila kuniuliza, ukanigeuza taratibu, vidole vikaenda vyenyewe pale panapouma.

Wale wale waliokupiga picha ukiondoka, wakikuita "docteur wetu", leo wanasema umerudi bila haya. Walitaka nini? Urudi na koti tu, bila kazi uliyojifunza? Mama hayuko. Mtoto wa kiume ni mimi peke yangu, nami nabeba matofali ya watu. Jirani waliyempa kazi ya kumwosha baba huja akipenda, na baba, tangu apooze, hawezi kumwita. Mgongo wake umeoza wao wakiwa sebuleni, wanalinda heshima yake. Desturi naijua: binti haoni uchi wa baba. Ila sijawahi kusikia desturi inayosema baba aoze.

Niliwaambia wakurudishe. Baba mdogo akacheka: "Ee, mukubwa! Kama unamuhurumia, kuya umuoshe mwenyewe."

Basi nakuja. Bosi amesema nikienda nisirudi, na kwa karatasi nilizo nazo sitaingia tena nchi hii. Nimechoka, Solange. Nina hasira na kila mtu, hata na mama kwa kufa kwanza.

Usiende kuwapigia magoti. Kaa hapo Kamalondo kwa rafiki yako. Nitatangulia mimi kuingia, wewe nyuma yangu. Mikono itakuwa yangu. Wewe utaniambia namna ya kumgeuza bila kumuumiza. Wakikukatalia hata hilo, tutambeba baba na godoro lake tutoke naye mbele ya macho yao.

Nafika uwanja wa ndege wa Luano Alhamisi ya wiki ijayo, mchana.

Kaka yako mkubwa