Sauti ya Mama wa Kofia ya Manyoya

Jumanne, tarehe 6 Mei

Furaha amemwaga unga wa fufu ndani ya viatu vyangu vya kazi, sasa hivi, kisha akaupigapiga kama keki. “Look, Mama, pretty!” Miaka mitatu. Nimeshindwa kumgombeza. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Kimani alipita jioni, uso chini. Nikamlazimisha aseme. Mama yake amesema: “Mfamasia mzima, umekosa wasichana mpaka uokote wa kambi ya wakimbizi, na mtoto juu?” Mama yake ni nesi, Mkenya, ana nyumba Pearland, mtaa wa wenye pesa. Mimi ni Sharpstown, vyumba vya kupanga, nakunja mashuka ya hospitali, shule niliachia darasa la sita. Imeniuma. Nampenda Kimani. Simwachi.

Ijumaa, tarehe 9 Mei

Keshokutwa kanisani kuna sinema, sikukuu ya akina mama. Ya zamani kabisa. Watu hawasemi, wanafungua midomo tu, halafu Kiingereza kinaandikwa na kupita mbio. Jirani yangu Mama Zawadi kanitia motoni: “Mjomba wako si ndiye alikuwa anatutafsiria filamu kule kambini? Shika maiki!” Nikakubali.

Baadaye Kimani akasema mama yake anakuja.

Jumapili, tarehe 11 Mei

Bado nacheka. Niandike kabla haijapoa.

Kijana wa tajiri anampenda msichana wa kupiga pasi. Mama wa kijana ana kofia ya manyoya, pua juu. Maandishi yalinishinda, basi nikatunga. Alipomfukuza msichana, sauti ya Kikenya ikanitoka yenyewe: “Wewe! Umekanyaga kapeti yangu na hivyo viatu?”

Watu wakavunjika mbavu. Ndipo nikakumbuka nani amekaa mbele. Nikashusha maiki. Kwenye picha mama anafoka, sauti hakuna.

Mama Kimani akasimama. Akaja moja kwa moja. Nimekwisha.

“Lete hiyo maiki. Sisi hatufukuzi watu hivyo. Wewe unafukuza kwa upole, kama mtu anaomba chumvi.”

Na akafukuza! “Kasichana haka! Kijana yangu nimemsomesha, wewe unaniletea pasi?”

Nikamjibu: “Mama, hata blauzi yako ina mikunjo. Nani atakunyoshea?”

Tukagombana hivyo, maiki inaenda inarudi, mpaka gari la tajiri likakwama matopeni na msichana akalisukuma. Mama Kimani alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Wale wawili walipokumbatiana, akaivuta maiki kwake. Halafu, polepole: “Haya, ingia. Lakini chai utapika wewe.”

Mlangoni akaniuliza mtoto anaitwa nani.

Jumamosi, tarehe 17 Mei

Pearland. Tumealikwa chakula. Furaha amelala kitandani kwa Mama Kimani, mdomo wazi.

Tumekata sukuma wiki pamoja. Amesema nakata kama za ng’ombe. Ya sinema hakuyataja. Aliuliza habari za mama yangu, marehemu. Nikasema. Akasikiliza, kisu kimesimama.

Mashangazi wa Kimani wanatoka Grand Prairie kuja kula. Sijui Mama Kimani atawaambia mimi ni nani. Naomba tu asiseme rafiki. Mlango wa gari huo. Wameingia, wanacheka. Sasa ni mama mwenyewe anaita, “Bibi harusi wetu ako wapi? Kuja usalimie watu!” na mimi hata kitambaa cha kichwa bado sijafunga!