Darasa Lisilouliza

Arua, mwezi wa nane

Kaka Athumani,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, na kwamba shemeji ameacha kukugombeza kwa kwenda nalo shambani hivyo hivyo. Mama mdogo macho yake vipi? Na mvua za huko? Mimi mwili haujambo. Kichwa ndicho hakijatulia, kwa hiyo ukiona maneno yanakwenda upande, nivumilie.

Nilipokuambia nimepata kazi ya kufundisha huku, ulicheka. Ulisema, "Nenda tu, wale watu wanaongea Kiswahili, sisi wanajeshi tulikaa nao vizuri, hutapata shida." Maneno yako hayo ndiyo yaliyonipandisha kwenye basi. Sasa nakuuliza, Kaka, shida ni nini basi hii niliyo nayo?

Chuo kikuu chetu kinaendesha masomo huku wakati wa likizo, kwa walimu wa shule za msingi wanaotafuta digrii. Watu wazima, wana watoto wao. Nawafundisha namna ya kufundisha, kwa Kiingereza, ndivyo sheria inavyosema. Wanaandika vizuri mno. Lakini ukimaliza kuongea ukauliza kama kuna swali, kimya kama maji mtungini. Kila mtu anatazama kidole chake. Mwanzoni nilidhani Kiingereza changu cha Kilosa hakiwaingii. Pengine ni kweli, hakuna aliyeniambia.

Nikasema, dawa ninayo. Sokoni hawa watu wanaongea Kiswahili tangu asubuhi, na wachuuzi wanaotoka Zaire kupitia mpaka wa Vurra, na madereva wa malori, wanacheka, wanatukanana, wanapatana. Basi Jumatatu moja nikaingia darasani, nikafunga mlango, nikasema leo tunaongea Kiswahili. Nikashika karatasi ya majina, nikamnyooshea kidole bwana mmoja wa nyuma. "Wewe, unaitwa nani? Unatoka wapi? Unafanya kazi gani?"

Akasimama wima, mikono imebana mapaja. "Mimi Yusufu. Natoka Inde. Mwalimu." Akaketi. Nikamwita wa pili, akasimama vivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Nilidhani wananitania. Mimi, Kaka, niliyesahihisha mitihani ya Kiswahili ya wilaya nzima, nikatoka mle ndani nimelowa jasho kama niliyetoka kupasua kuni.

Anayeniumiza zaidi ni Zaitun. Anatoka Ludara, kule Koboko, marehemu baba yake alikuwa askari. Kazi zake za kuandika nazisoma mara mbili kwa raha. Ila mwisho wa mwezi huu wanakuja watahini kutoka Kampala, na kila mwanafunzi atasimama mbele yao aitetee kazi yake kwa mdomo. Asiyeongea anaondolewa, na hapewi nafasi tena. Na Zaitun ukimuuliza anajibu, "Ndiyo, mwalimu." Ukimuuliza zaidi, "Hapana, mwalimu." Basi, umemaliza.

Wiki iliyopita tuliwarudisha shuleni kwao wafundishe watoto wa masomo ya ziada, nami nikaenda Ludara kumwona. Nilisimama dirishani kwanza, sikuonekana. Kaka, sikuamini kama ni yeye. Amekaa kwenye benchi katikati ya watoto, magoti yamemfika kidevuni, anachanganya Kikakwa, Kiswahili, Kiingereza, watoto wanagombania kumuuliza. Mmoja alimuuliza kwa nini jua halianguki, akamwambia hata yeye hilo linamsumbua. Nilipoingia, darasa zima likasimama, naye akasimama, na mdomo ukafungwa.

Baadaye alinipeleka kwao, mama yake akatuandalia chai na karanga. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Zaitun, nimekukosea nini?"

Akamtazama mama yake, wakasemezana kwa Kinubi, lugha ya nyumbani kwao, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, wewe iko mutu muzuri. Lakini wewe nasimama, nashika karatasi, nauliza, wewe nani, natoka wapi, nafanya kazi gani. Ile wakati ya vita, askari alisimama barabarani hivyo, aliuliza hivyo, na Kiswahili. Sisi tulijua kujibu fupi. Mutu yenye aliongea mingi hakurudi nyumbani."

"Lakini mimi si askari."

"Sisi najua. Mudomo ndiyo hajui."

Nilikuwaza wewe palepale, Kaka. Nikamuuliza askari hao walikuwa wa wapi, wa kwetu? Akatikisa kichwa. "Hapana. Watu yenu walikuja mbele. Hawa walikuja nyuma, askari ya serikali mupya." Nilimshukuru Mungu, nakuambia wazi, na nikaona aibu kushukuru mbele ya mama wa watu.

Niliporudi Arua nikaiacha karatasi ofisini. Nikaketi nao kwenye dawati, nikasema leo mimi siulizi, ninyi ndio mtauliza, jambo lolote, lugha yoyote. Kisha Yusufu akakohoa. "Mwalimu, sokoni wewe nasema 'naomba muhogo'. Wewe iko na pesa. Sababu gani naomba?" Wakacheka mpaka wengine wakashika meza. Kumbe mji mzima unanijua kama mhadhiri anayeombaomba. Nikajitetea kwamba kwetu ndiyo adabu, wakazidi kucheka. Nilifurahi sana siku ile, nikaona kazi imekwisha.

Ndipo Zaitun akaongea, ameketi vilevile.

"Mwalimu, watu yenu walikaa na sisi Koboko. Kiswahili yao ilikuwa kama yako, polepole. Mama yangu aliwapikia. Moja alifundisha kaka yangu mudogo kuhesabu. Tulizoea. Halafu walienda, hawakusema kitu. Wale wengine wakakuja, sisi tukakimbia Zaire, na kaka yangu alibaki njiani, hatukumuzika. Sasa mimi nauliza. Walienda sababu gani? Na walijua nini itakuja?"

Hajawahi kusema maneno mengi kiasi hicho mbele yangu. Nilikuwa nimemwomba aulize, akauliza. Nami nikasema, "Sijui."

"Iko sawa, mwalimu," akasema, akainamisha macho. Nikauona mdomo unafungwa tena, na safari hii ni mimi niliyeufunga.

Basi nikasema, bila kufikiri, kwamba ninaye kaka aliyekuwa huku wakati ule, na kwamba nitamuuliza. Vichwa vyote vikainuka. Yusufu akauliza kama u mzima. Nikasema u mzima, goti tu. Mama mmoja wa mbele akasema nikupe pole ya goti. Na mimi nakupa, hiyo ni yao.

Kaka, sijui kama nimefanya vibaya. Tangu urudi hujawahi kutusimulia chochote zaidi ya kwamba mlikaa vizuri, na sisi nyumbani tulijifunza kutokuuliza. Sijui kama ulifika Koboko au ulibaki mjini. Sijui kama mliambiwa mnakwenda wapi mlipopanda magari, wala kama uliyajua ya baadaye. Hata sijui kama jibu lako litamsaidia Zaitun mbele ya watahini au litamfunga kabisa. Ninachojua ni kwamba kila asubuhi nikiingia darasani ananitazama mikono kwanza, aone kama nimeshika barua.

Msalimie shemeji Mwanaidi na umwambie asiache kukugombeza. Mama mdogo mpe shikamoo yangu, na mjomba wetu fundi wa majembe, na binti yako, mwambie asome. Barua hii naipitisha kwa dereva wa lori anayeshuka Kampala, ili isikae posta.

Sema ulilo nalo, hata kama ni baya. Nitawasomea kama ulivyoandika, nimeketi nao. Ila Kaka, nakuomba, usinijibu kwa ufupi.

Mdogo wako,
Ramadhani