Mstari Uliohamishwa

Kaka,

Mama hajambo, kikohozi kimepungua. Mapazia uliyomtumia yameenea madirisha yote.

Leo nimeiona ramani ya mafuriko iliyopitishwa. Nilizunguka ziwa la chumvi nyumba kwa nyumba, nikipima alama za maji kutani. Mstari wangu wa hatari ulikata katikati ya nyumba yako. Sasa unaikwepa. Nilipomuuliza mkuu wangu, alicheka.

"Binti, unanuna nini? Kaka yako ndiye aliyenipigia, bei ya nyumba isishuke. Nyumba si yenu?"

Ni yetu, na anayelala humo ni Mama! Maji yatamfika kifuani, naye ngazi haziwezi. Ulijua, ukamchagulia mapazia.

Vipimo vyangu halisi nimevipeleka halmashauri. Mama nimemhamishia kwangu. Anauliza kwa nini. Mpigie umwambie mwenyewe.

Mdogo wako