Dengu za Rani

Jumatano. Mvua imeanza kabla ya alfajiri na haijakata. Nyumba inanuka nguo mbichi. Moyo wangu ni mzito, na leo simaanishi ugonjwa.

Nimeficha jambo kwa karibu miaka sabini. Farasi aliyemuuma binti wa Kihindi mchana wa harusi, pale Kariakoo, hakuharibiwa na mtunzaji wake. Nilimharibu mimi, kwa mkono wangu huu, kwa vipande vya sukari guru.

Sentensi hizo nimeziandika mara nne na kuzifuta mara tatu. Miguu imevimba tena, viatu havipandi. Daktari wa moyo ameacha kunipangia siku ya kurudi. Ananiambia tu nipumzike. Nilifundisha shule maisha yangu yote, najua maana yake mtu anapoacha kukusahihishia daftari.

Ukurasa huu wa mtandaoni alinifungulia mjukuu wangu Neema, ili nisimulie Kariakoo ya zamani. Kwa kawaida mimi nasema, yeye anaandika. Leo nimemwomba aniachie simu niandike mwenyewe, kwa kidole kimoja.

Mtakumbuka nilisimulia habari za Rani, farasi jike wa tajiri yangu wa kwanza. Nilijieleza kama kijana aliyependwa na farasi. Mkafurahi, mkaniambia nilete nyingine. Kisha, chini kabisa, dada mmoja akaandika hivi:

"Shikamoo Babu. Mimi ni mjukuu wa Mzee Mfaume aliyemtunza farasi huyo. Kwetu hatumzungumzii. Marehemu mama alikuwa akisema baba yake alifukuzwa kwa kumwibia farasi chakula, na yeye shuleni wakamwita mtoto wa Mla Dengu. Wewe ulikuwepo. Ni kweli?"

Siku kumi na moja sijamjibu. Neema aliniuliza kwa nini, nikasema macho yananiuma.

Macho hayaniumi.

Nilishuka Dar es Salaam kutoka Kilimanjaro miaka ya hamsini, nikiwa na cheti cha darasa la kumi, Biblia, na koti la sufu ambalo nilijuta kulibeba siku ile ile. Nikapata ukarani kwa Bwana Ramlal, aliyekuwa na duka la vitambaa la jumla karibu na Mtaa wa Msimbazi. Nyuma ya duka palikuwa na ua, na ndani ya ua banda la farasi. Mjini watu walivuta mikokoteni kwa vifua vyao, lakini Bwana Ramlal alifuga farasi, kwa sababu katika ukoo wao bwana harusi haendi kwa mkewe kwa miguu wala kwa gari. Hupanda farasi jike. Na kabla hajaondoka, dada yake humlisha farasi huyo dengu zilizolowekwa, kwa mkono wake, watu wote wakitazama. Farasi akila kwa utulivu, nyumba ina baraka. Kwa hiyo farasi wa kazi ile hakutakiwa mbio. Alitakiwa adabu mbele ya chakula.

Adabu hiyo aliifundisha Mzee Mfaume. Alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mpole wa maneno, na ujana wake aliutumia kutunza farasi wa Wazungu.

Hakumpiga Rani wala kumkaripia. Alichota dengu, akakunja ngumi, akaiweka karibu na pua ya farasi, kisha akatulia kama mtu anayengoja zamu kwa kinyozi. Rani atasukuma, atalamba, atakwaruza kwa meno. Ngumi haifunguki, na wala haikimbii. Akichoka, akageuza shingo pembeni hata kidogo, Mzee anapiga ulimi mara moja na mkono unafunguka. Hata hivyo hampi dengu ovyo. Anamletea mbele ya kifua chake mwenyewe farasi, ili ale kichwa kikiwa kimenyooka, mbali na mwili wa mtu. Ndoo nayo ilikuwa vivyo hivyo. Haigusi chini mpaka Rani arudi nyuma hatua mbili.

Baada ya miezi kadhaa ungeweza kufungua gunia zima mbele yake, naye akaangalia ukutani.

Wapagazi wa duka walikuja kumtazama wakati wa chakula cha mchana. Mzee akawaambia, "Mnamwona? Huyu anangoja akaribishwe. Nyinyi mnakaribishwa mkiwa mmeshashiba."

Na mimi alinitania kwa Uchaga wangu. "Karani, kwenu mnajua migomba, farasi hamjui. Lakini umesoma mpaka kumi, haya nijibu. Farasi akikusukuma, ukampa, nani kamfundisha mwenzake?"

"Farasi kanifundisha mimi, Mzee."

"Ahaa. Shule yenu si mbaya sana."

Sheria yake ilikuwa moja, na aliwaambia wote wa nyumba ile, wakubwa kwa wadogo: mtu asimpe Rani chochote kutoka mfukoni. Hata mara moja. "Mlango ukifunguka siku moja kwa kupigwa teke," alisema, "utapigwa teke siku zote."

Niliielewa sheria ile kuliko mtu yeyote pale. Msinionee huruma kwa kudhani sikuelewa.

Lakini nilikuwa mpweke. Wapagazi waliniogopa kwa kalamu yangu, Wahindi hawakuniingiza ndani, na watu wa mtaani waliniona Mchaga mwenye majivuno, nami kweli nilikuwa na majivuno. Jioni Rani alimfuata Mzee Mfaume uani bila kamba, pua yake nyuma ya bega la mzee, na mimi kwenye dirisha la ofisi nikachomwa na wivu. Naona haya kuandika kwamba nilimwonea wivu saisi, mtunza farasi asiyejua kusoma barua. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka kiumbe kimoja katika mji huu kinifuate mimi.

Nikaanza kununua sukari guru, nikaiweka mfukoni. Mzee akienda kusali adhuhuri, mimi naingia bandani.

Siku ya tatu Rani alinisikia hatua zangu akalia. Akaweka kichwa kifuani kwangu, akasukuma mfuko kwa midomo. Nikasema moyoni, ananipenda. Nikampa. Akasukuma tena kwa nguvu, nikampa tena. Wiki ya pili aling'oa kifungo cha shati langu, nikaogopa, nikaacha kwenda siku nne. Niliporudi bila kitu alinibana ukutani kwa kichwa mpaka pumzi ikanikatika, na siku iliyofuata nikaja na kipande, ili tupatane.

Hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote. Ningempa kila siku, au nisingempa kabisa, pengine angenyooka. Nilimfundisha kwamba mkono ukikataa, asukume zaidi.

Mzee Mfaume aliona. Alisimama uani na ngumi yake, Rani akaikwangua kwa meno mpaka ngozi ikatoka, wala hakugeuza shingo. Mzee akajifunga kitambaa, akanijia ofisini.

"Karani, kuna mkono unanifumulia kazi. Mimi nasuka, mwenzangu anafumua. Si wewe?"

"Mimi, Mzee? Nichafue shati langu kwa farasi?"

Akacheka, akaniamini. Akaenda kuwasihi watoto wa nyumba ile, mmoja mmoja, akiwa amechuchumaa ili asiwatishe. Watoto wakakana. Walikuwa wanasema kweli.

Harusi ya kijana wa Bwana Ramlal ilikuwa imekaribia. Mzee akaniambia kwamba Rani hayuko tayari, anahitaji mwezi mzima wa kuanza upya, na kwamba ni afadhali dada wa bwana harusi amwage dengu kwenye sinia kuliko kumlisha kwa mkono. Akaniomba nimfikishie Bwana. "Wewe anakusikiliza. Mimi ataona nakwepa kazi."

Nikasema nitamwambia.

Sikumwambia. Bwana Ramlal angeuliza farasi aliyekuwa mpole ameharibikaje, na nani aliingia bandani.

Siku ya harusi ua ulijaa. Matarumbeta yalilia barabarani, Rani akavishwa shanga na kitambaa chekundu. Asubuhi ile nilikuwa nimempa vipande viwili, nikijidanganya kwamba akionja utamu mapema atatulia. Bwana harusi akapanda. Dada yake, Sarla, akaja na bakuli la dengu. Alikuwa na miaka kumi na saba. Mzee Mfaume alikuwa amemfundisha vizuri: kunja ngumi, tulia, ngoja ageuke, ndipo ufungue. Msichana akafanya vile vile alivyofundishwa.

Rani hakugeuka. Alisukuma. Sarla akangoja. Rani akasukuma tena, meno yakatoka, msichana akashtuka na kuvuta mkono, na taya likafumba.

Matarumbeta yalinyamaza moja baada ya jingine, kwa sababu wa nyuma walikuwa hawajaona.

Vidole viwili vya mkono wa kulia. Kimoja kilipona. Cha pili kilibaki nusu.

Mzee Mfaume alikuwa ameshika hatamu kwa mikono yote miwili, farasi akitetemeka, watu wakimpigia kelele. Alisema maneno machache tu. "Farasi hana kosa."

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, alifukuzwa. Jioni Kariakoo nzima ilikuwa imeshapata sababu: mzee alikuwa anakula chakula cha farasi, farasi akawa na njaa, na mnyama mwenye njaa hachagui kati ya dengu na kidole. Wapagazi wale wale waliokula huku wakimsikiliza ndio waliompa jina. "Shikamoo, Mla Dengu," walimwambia, kwa heshima zote za mdomoni. "Mzee, leo zimeiva?" Naye, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu na shikamoo ni shikamoo, alijibu kila mara, "Marahaba."

Niliyasikia haya dirishani. Nilikuwa naandika barua ya kuagiza vitambaa na sikukosea hata neno moja.

Rani aliuzwa, sijui kwa nani. Mzee alihamia ng'ambo ya Jangwani na familia yake. Nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo, njiani, amebeba kuni. Sikuweza kumkwepa, nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza swali moja.

"Karani, ule ujumbe wangu ulimfikishia Bwana?"

"Nilimfikishia, Mzee. Alikataa."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi. Mungu akulipe kwa kujaribu."

Nimeoa, nimezika mke, nimefundisha watoto wa watu kusema kweli. Nimepokea mkate na divai Jumapili zisizo na hesabu. Sala ile ya mzee sijawahi kumweleza padri yeyote.

Sasa wewe dada uliyeuliza. Jibu ni hapana, si kweli. Ufunguo wa stoo nilikuwa nao mimi. Kila asubuhi nilimpimia babu yako dengu kwa kibaba, naye zikibaki alizirudisha kwenye bakuli, akanionyesha kabla hajazimimina guniani, ingawa sikuwahi kumwuliza. Hakuchukua hata punje. Waambie wenzako nyumbani. Wasomee hapa nilipoandika. Kama mama yako ana kaburi la kuliendea, nenda ukamwambie.

Ningeweza kuishia hapo. Neema ameshachungulia mlangoni mara mbili kuniletea dawa, na kidole kinauma. Mngesema babu amekiri, amepumzika, na mimi ningekufa mkinisifu tena.

Lakini kuna asubuhi nimeiruka. Ile ya baada ya harusi.

Bwana Ramlal aliniita ndani, mahali ambapo hakuwahi kuniingiza. Hakuwa amelala. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alinipa kiti. Akasema, "Karani, mimi namjua Mfaume miaka mingi. Sitaki kumwonea mtu. Wewe umesoma, wewe mtu wa kanisa. Niambie tu, farasi ameharibikaje?"

Kulikuwa na mimi na yeye tu. Mtaani hapakuwa na uvumi bado, wala mtu aliyekuwa amemshtaki mzee kwa lolote. Alikuwa ananifungulia mlango, nami nilihitaji neno moja tu la kupita.

Nikamjibu, kwa Kiswahili kizuri cha shuleni: "Ni njaa, Bwana. Dengu zake Mzee Mfaume anapeleka nyumbani kwake."